Deni la Kuitika

Kasim aliuawa kwa sababu alisahau jina la nafaka. Alikuwa ndani ya pango la wezi 40, dhahabu imekwisha kufungashwa, nyumbu wake 10 wanamngoja nje, na mlango wa jiwe ulitaka kutoka kwake neno moja tu: simsim. Likamtoka kichwani. Akataja shayiri, jiwe likatulia. Akataja nafaka nyingine, kisha nyingine, kila punje aliyowahi kuiona sokoni, mpaka wezi wakarudi wakamkuta mlemle ndani. Tunapoisoma hekaya hii huambiwa kwamba kilichomponza ni tamaa, na ni kweli. Mimi huutazama zaidi ule mlango. Sauti ya Kasim iliufikia. Mtu alikuwa ndani, anataka kutoka, anasema na kurudia, na mlango haukumuuliza kitu.

Hekaya hii, ya Ali Baba, haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland aliisikia mjini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, kijana Mkristo wa Aleppo, na ikachapishwa mwaka 1717. Kumbe kisa kinachojulikana kuliko vyote kuhusu amri ya sauti kilipita kwanza katika mdomo wa msafiri na sikio la msikilizaji mvumilivu. Nacho kina ndugu mkubwa kwa umri. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Lucian wa Samosata aliandika habari za Eucrates, aliyefuatana na kuhani wa Misri aitwaye Pancrates. Kuhani huyo alikuwa akiuvisha mchi nguo, anautamkia maneno, nao unakwenda kuteka maji kama mtumishi. Eucrates akajificha, akayaiba maneno ya kuuwasha mchi. Ya kuusimamisha hakuyapata. Maji yakajaa nyumba nzima. Akaupasua mchi kwa shoka, na vipande viwili vikaendelea kuteka. Goethe alikitungia kisa hicho shairi kuhusu mwanafunzi wa mchawi mwaka 1797, na mwaka 1940 Walt Disney akamvisha Mickey Mouse joho la mwanafunzi huyo.

Pango na mchi vina sheria moja. Neno liwe kamili. Likiwa kamili, kitu kinatii bila kufikiri. Likipungua herufi, mwenye kusema atajua mwenyewe. Hakuna nafasi ya kuulizana.

Spika janja zimezaliwa katika ukoo huu. Msaidizi wa sauti aitwaye Siri aliingia katika simu za Apple Oktoba 2011. Amazon ikatoa spika ya Echo, yenye msaidizi aitwaye Alexa ndani yake, Novemba 2014. Google ikafuata na spika yake Novemba 2016, na spika ya Apple ikafika madukani Februari 2018. Spika hizi zote zinafanya kazi kwa namna inayofanana. Kifaa kinakaa sebuleni kikisubiri kusikia jina lake. Jina likitambuliwa, taa inawaka, na maneno yanayofuata mara nyingi husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali, ambako hugeuzwa kuwa amri. Jina lisipotambuliwa, hakuna kilichotokea. Na maneno yakitambuliwa visivyo, kifaa hutenda kosa kwa uhakika uleule ambao kingetendea jambo sahihi.

Tabora kifaa hiki si kigeni kama mtu angedhani. Koo nyingi za mji huu zina ndugu Oman, na zawadi husafiri. Katika nyumba moja ya Chemchem, nyumbani kwa mama yangu mkubwa, spika ya aina hiyo iliwekwa juu ya kabati la vyombo, kando ya redio. Kijana aliyeileta akaiunganisha na simu yake, akamwonyesha mama mkubwa namna ya kuiita ili apigiwe kaswida. Akaita kwa Kiswahili: kimya. Akaomba kwa Kiarabu alichojifunza chuoni, ikaanza kumtajia hali ya hewa ya mji asioujua. Kijana akamshauri: “Mama, iite polepole, halafu ubane sauti kidogo, kama wanavyosema Wazungu.” Mama mkubwa akamtazama. “Mwanangu, mimi nimeshaita. Kama haikusikia, iniulize. Wewe ulipokuwa mtoto, nikikuita usipoitika, nilikuwa nabadilisha sauti yangu?”

Maneno hayo yananisumbua mpaka leo, kwa sababu yanaligeuza lalamiko zima. Tumezoea kusema mashine haisikii, na mafundi hukubali, kisha hushughulikia masikio yake: maikrofoni zaidi, kuchuja kelele zaidi. Mama mkubwa hakulalamikia masikio. Alilalamikia adabu. Anayeitwa ana deni.

Kabla sijaenda mbali na hoja hiyo, mashine itendewe haki. Kazi yake ni ngumu. Umbali wa mtu na kifaa ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayofika hupungua hadi robo. Ndiyo maana Echo ya kwanza ilipewa maikrofoni 7, ili kwa kulinganisha sauti ilivyozifikia moja baada ya nyingine kifaa kijue msemaji yuko upande gani. Kikiwa kinapiga muziki, kinalazimika kuitoa sauti yake chenyewe ndani ya kile kinachosikia, ndipo kimpate mtu. Vifaa hivi vilifikiriwa kwa ajili ya sebule yenye zulia, mapazia mazito na dari. Sebule nyingi za Chemchem zina sakafu ya saruji, kuta tupu na bati juu. Neno moja hugonga ukuta huu na ule na kufika mara kadhaa, kila mara kwa kuchelewa kidogo. Feni inavuma. Januari mvua ya Tabora ikishuka juu ya bati, watu wawili waliokaa kochi moja huacha mazungumzo mpaka ipungue. Sitarajii kifaa kisikie pale ambapo binadamu wenyewe wamenyamaza.

Kuna tatizo la pili, nalo halitokani na kelele. Mashine hukisia. Inapokea mawimbi ya sauti, inayakata vipandevipande, kisha inatafuta ni maneno gani, kati ya yale iliyofundishwa, yanayoelekea zaidi kuwa ndiyo yaliyosemwa. Ikiwa imefundishwa Kiingereza, kila unachosema kwa Kiswahili italazimisha kiwe Kiingereza. Hata ikifundishwa Kiswahili, itakutana na lugha inayobeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo ndani ya neno moja. Mtu akisema “hatutawapigia”, silabi moja ikimezwa na feni, simu imepigwa kwa watu wasiohusika. Na binadamu, akiona hakusikiwa, hufanya lile ambalo ni jema kwa binadamu mwenzake na baya kwa mashine: hupaza sauti, huvuta silabi, hutenganisha maneno. Watafiti wa mazungumzo ya mtu na kompyuta waliliona hili tangu miaka ya 1990. Usemi uliokazwa namna hiyo haufanani tena na usemi wa kawaida uliotumika kuifundisha mashine, kwa hiyo makosa huongezeka. Mwenye nyumba anazidi kukasirika, na kila anavyokasirika ndivyo anavyozidi kutoeleweka.

Mji huu una mapokeo mengine ya kuita na kuitika. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, eneo la Tabora ya leo, katika Unyanyembe, Novemba 1857, walikuwa wamepita njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wakiijua kwa miguu yao. Burton, ambaye aliwadharau mno watu aliosafiri nao, alikuwa na jicho kali hata hivyo, na alieleza kwa kirefu jinsi msafara ulivyokwenda. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega, bendera nyekundu ikiwa karibu naye na mpiga ngoma nyuma yake. Pembe za tandala, zilizoitwa barghumu, zililia. Kirangozi akianzisha wimbo au ukelele, wapagazi waliitikia.

Fikiria sasa mstari wa watu mamia, mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba ya miombo, kila mmoja na mzigo wa pembe au vitambaa begani. Wa mbele hawezi kumwona wa mwisho. Je, atajuaje kwamba ameeleweka? Kwa kiitikio. Sauti ikirudi imejaa, mstari umekamilika. Ikirudi imepungua, kuna watu wameachwa nyuma. Nadhani wanaosifu nyimbo za wapagazi kwa kuchangamsha safari wamesahau kazi yake hii nyingine, ya kuhesabu watu kwa masikio.

Na kirangozi hakutegemea sauti peke yake. Njia ilipogawanyika, alichora mstari kwa mguu kukata njia isiyofuatwa, au alilaza tawi juu yake. Hilo lilikuwa kwa ajili ya wale ambao ngoma na pembe hazikuwafikia. Alikuwa na uwezo zaidi ya wote katika mstari ule, aliijua njia, na ndiye aliyebeba shida ya kutosikika. Hakuwaachia walio nyuma.

Mapokeo ya Kiislamu, yaliyojenga nusu ya adabu za mji wa Tabora, yana kisa kinachoingia hapa barabara. Abu Musa al-Ashari alifika mlangoni kwa Khalifa Umar, akabisha hodi mara 3. Umar alikuwa na shughuli, hakujibu. Abu Musa akaondoka. Umar alipogundua, akaagiza aitwe, akamuuliza kwa nini amekwenda zake. Akajibu kwamba Mtume alifundisha hivyo: ukibisha mara 3 usipojibiwa, rudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said al-Khudri akashuhudia. Ndipo Umar akakiri kuwa fundisho hilo lilimpita kwa sababu ya shughuli zake za biashara sokoni. Mtawala aliyeogopwa na majeshi ya nchi mbili anakubali kuwa hakujua jambo ambalo wenzake walilijua. Ninachokipenda hapa ni kwamba kanuni inampa mbisha hodi mwisho wa haki. Akifika mara ya 3 amemaliza wajibu wake. Hakuna anayemtaka abadilishe sauti, apande juu ya ua, wala asimame pale akipiga kelele. Mbele ya spika janja kanuni hiyo haipo. Mtu anaweza kuita mpaka koo likauke na kifaa kisione kuwa kuna lililopungua kwake.

Watoto nao walifundishwa deni la msikilizaji kwa michezo. Msimuliaji hawezi kuanza hadithi kabla ya hadhira kuitikia. Asiyeitikia amelala, na kwa aliyelala hakuna hadithi. Katika vitendawili hesabu ni kali zaidi. Mtegaji akitega na msikilizaji akashindwa, msikilizaji hulipa: hutoa mji. Nimewahi kusikia Tabora ikitolewa na watoto waliokuwa wamekaa ndani ya Tabora yenyewe, na mtegaji akaupokea mji, akautembelea kwa maneno, akala na kushiba huko, ndipo akatoa jibu. Kushindwa kuelewa kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa na sikio. Mashine ikishindwa kuelewa haitoi hata kijiji.

Kisa kinacholingana na cha Kasim kwa upande wetu ni cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili wa Zanzibar. Maskini mmoja, aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama, alinunua paa kwa sarafu aliyoiokota. Paa yule aliweza kusema. Akamwozesha bwana wake binti wa sultani, akaua joka lenye vichwa saba, akampa nyumba ya kifahari. Kisha paa akaugua. Akamtuma kikongwe wa nyumbani akampe bwana habari kwamba mnyama wako hawezi. Bwana akajibu kwa kebehi, akaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu. Paa akatuma tena. Jibu likawa lilelile, kwa ukali zaidi. Mke wa bwana alisikitika, akapeleka chakula kizuri kwa siri, lakini paa alikuwa amekwisha kuvunjika moyo, akafa. Na yule bwana akaamka siku moja akajikuta jaani, anachakura.

Hadithi mbili hizi zina hazina na zina adhabu, lakini adhabu imekwenda pande tofauti. Katika ile ya pango, anayekosea ni msemaji, na kosa lake ni la kumbukumbu. Katika ile ya Zanzibar msemaji hakukosea neno hata moja. Ujumbe ulifika na ukaeleweka. Anayeangamia ni msikilizaji, kwa kuwa aliyasikia maneno akamkataa aliyeyasema. Ningetaka kila anayeunda mashine za kusikia asimuliwe hadithi ya pili kabla ya kuonyeshwa takwimu zozote.

Hata hivyo siwezi kuyasifu mapokeo yetu ya kuitika bila kugusa kidonda chake, na Tabora ndipo pa kukigusa. Mji huu ulijengwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Wapo walioitikia “labeka, bwana” kwa sababu wasipoitika walipigwa. Mtu akisema anayeitwa ana deni, mjukuu wa mtumwa ana haki ya kuuliza: deni la nani, na nani aliliandika? Swali hilo linaifikia hata spika janja. Kifaa kinachokaa pembeni kikisubiri kuitwa usiku na mchana, kisichochoka wala kudai, kimechongwa kwa mfano wa mtumishi wa ndani. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilikemea jinsi wasaidizi hawa wa sauti walivyopewa sauti za kike na majibu ya unyenyekevu hata wanapotukanwa. Waliolelewa katika nyumba zilizokuwa na vijakazi wanaitambua picha hiyo mara moja.

Jibu langu liko barabarani, kwa wapagazi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye desturi zao za kazi, waliopatana juu ya malipo na posho, na waliogoma au kuondoka walipodhulumiwa. Waliitika kiitikio cha kirangozi, na waliweza pia kuikataa amri. Maandishi ya safari za Wazungu yamejaa malalamiko ya asubuhi ambazo msafara ulikataa katakata kunyanyuka. Katika mapokeo ya barabara, basi, kuitika si kutii. Kuitika ni kumwambia mwenzako kwamba umefika kwangu. Tutakachofanya baada ya hapo tutakijadili. Mapokeo ya pango yameviunganisha vitu hivi viwili kiasi kwamba kisichotii kinaonekana hakikusikia, na kilichosikia lazima kitii. Mimi naona uchungu wa watu mbele ya spika unatokea hapo. Wengi wangevumilia kifaa kisichoweza kuwasha taa, ili mradi kingeonyesha kwamba kimejua nani anaita na anaitia nini.

Je, kiumbe kisicho binadamu kinaweza kusikia kwa namna hii nyingine? Kinaweza, na kipo karibu na Tabora kuliko kifaa chochote.

Mkoa huu ni wa asali. Miombo yake imejaa mizinga, na mjini kuna chuo cha ufugaji nyuki. Katika misitu ya namna hii anaishi ndege mdogo wa rangi ya vumbi, mlembe, ambaye huwaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki mwitu. Mtu anapasua mti na kufukiza moshi. Anachukua asali, ndege anabaki na nta. Binadamu humwita kwa sauti. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha utafiti kutoka Niassa, Msumbiji, ambako warina asali wa Kiyao hutoa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno. Mlio huo uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ukafika asilimia 54, kutoka kama 17. Si mlio wowote. Sauti nyingine za kibinadamu au za wanyama hazikufanya kazi kiasi hicho.

Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaenda hatua zaidi. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania hawatumii mlio wa Wayao. Wao hupiga miluzi. Watafiti wakapiga sauti zote mbili katika nchi zote mbili. Mlembe wa Uhadzabe aliitikia miluzi ya kwao zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Wayao. Mlembe wa Niassa aliitikia mlio wa Wayao karibu mara 2 kuliko miluzi ya Wahadzabe. Ndege ni wa aina ileile, ubongo uleule. Na hakufundishwa na wazazi wake, kwa sababu mlembe hutaga mayai katika viota vya ndege wengine na makinda hulelewa na wageni. Anajifunza kwa kuwasikiliza watu wa mahali anapoishi.

Hapa ndipo linganisho langu linapopata uzito wake. Ndege mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya korosho ameweza jambo ambalo biashara ya mabilioni imeliona gumu: kukaa na watu, kuichukua sauti yao kama ilivyo, na kujirekebisha yeye. Hakumtaka Mhadzabe atetemeshe ulimi kama Myao. Anapita juu ya mti, analia, anaruka mbele kidogo, anarudi kuona kama unamfuata. Anahakikisha. Hizo zote ni tabia za kirangozi.

Tatizo la mashine kwetu, basi, lina chanzo kinachoeleweka, na si fumbo: hazijakaa nasi. Mtafiti Allison Koenecke na wenzake walipima mwaka 2020 mifumo ya kunakili sauti ya kampuni tano kubwa za Marekani kwa wasemaji wa Kiingereza wa Marekani. Kwa wasemaji Weupe mifumo ilikosea wastani wa maneno 19 katika 100. Kwa Weusi ilikosea 35. Wote wamezaliwa nchi moja na wanasema lugha moja. Waskoti nao wana igizo maarufu la televisheni la mwaka 2010, katika kipindi cha Burnistoun, ambamo wanaume wawili wanakwama ndani ya lifti inayoendeshwa kwa sauti kwa sababu haielewi wanavyotamka namba ya ghorofa. Lifti ile inawaambia warudie, na wanarudia, mpaka mmoja anajaribu lafudhi ya watu wengine. Kwa Kiswahili pengo lilikuwa pana zaidi. Alexa ilimaliza miaka yake 10 ya kwanza bila kujua lugha yetu, wakati Kiarabu cha Ghuba ilikipata Desemba 2021. Whisper, mfumo wa kunakili sauti uliotolewa na OpenAI Septemba 2022, ulifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Za kunakili Kiswahili hazikufika saa 10. Saa 10 ni siku moja ya redio ya mkoa, na siku hiyo isiishe.

Kuna waliolishika jambo hili kwa mikono yao. Google iliongeza Kiswahili katika kuandika kwa sauti Agosti 2017, pamoja na Kiamhari. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao mtu yeyote anaweza kuuchangia sauti yake, ulipata mwaka 2021 dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili, kutoka Wakfu wa Gates, serikali ya Uingereza na shirika la Ujerumani la GIZ. Mkenya Kathleen Siminyu alikuwa miongoni mwa waliouongoza upande wa kitaalamu. Utaratibu ni mwepesi: unaonyeshwa sentensi, unaisoma, inarekodiwa. Kisha watu wengine, wachangiaji kama wewe, husikiliza na kusema kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Klipu huhitaji kura mbili za ndiyo ili iingie kwenye hazina.

Watu wa Tabora wanahitajika katika hazina hiyo, na si kwa idadi tu. Kinyamwezi na Kisukuma havitumii l na r kutenganisha maneno, kwa hiyo wengi wetu hapa tunasema Kiswahili chenye l nyingi kuliko kamusi inavyotaka. Wapo wenye asili ya Umanyema, wapo Waha, wapo wazee walioanza Kiarabu kabla ya shule. Warekodi wakiwa sebuleni mwao, juu ya sakafu ya saruji, feni ikiwa imewashwa, mvua ikinyesha. Rekodi safi za studio tunazo tayari kutoka kwa watangazaji.

Halafu atakuja msikilizaji, yuko Dar es Salaam au Mombasa, na masikio yake yamezoea mambo mengine. Ataona sentensi yenye neno “barabara” na atasikia sauti ya mama mtu mzima ikisoma “balabala”. Mbele yake kuna vitufe viwili. Mimi nasema abonyeze ndiyo. Neno limesomwa, na limesomwa kama linavyosemwa na watu wengi kuanzia Nzega hadi Urambo, watu watakaoiagiza mashine kwa sauti hiyohiyo kesho. Akibonyeza hapana, anaifundisha mashine kwamba sauti hiyo haipo. Na kama hakuwa na hakika na alichosikia, klipu haikimbii. Airudie, aisikilize tena, ndipo apige kura.